Ua la Kipupwe: Kupanda Ranunkulasi Katika Vilima vya Machakos

Kwenye vilima vya Mua na Iveti kuna wiki za Julai ambazo jua halijitokezi hadi saa nne au saa tano. Ukungu unalala juu ya migomba, nguo zilizoanikwa jana bado zina unyevu, na kila unayekutana naye njiani amejikunyata, anailaumu baridi. Mimi nimeacha kuilaumu. Baridi hiyo ndiyo mali ya mtu anayetaka kukuza ranunkulasi, na si kila mkulima wa Kenya aliyejaliwa nayo.

Kama hujawahi kuliona ua hili, fikiria waridi lisilo na mwiba, lenye petali nyembamba kama karatasi ya shashi, zimelaliana tabaka juu ya tabaka hadi ua likawa mviringo kama mpira mdogo. Ua lililojaa vizuri linaweza kuwa na petali zaidi ya 100. Rangi zipo za kila namna isipokuwa buluu: nyeupe, krimu, manjano, pichi, waridi, chungwa, nyekundu, zambarau iliyokolea. Majani yake yamechanikachanika kama ya dania. Likikatwa kwa wakati wake hukaa ndani ya maji wiki nzima, mara nyingi hata siku kumi, likiendelea kufunguka siku baada ya siku.

Jina lenyewe ni la Kilatini na maana yake ni chura mdogo, kwa kuwa ndugu wengi wa mmea huu hupenda kingo za vijito. Ndugu mmoja wa porini yuko hapa kwetu. Ukipita kando ya chemchemi katika nyanda za juu utaliona, ua dogo la manjano linalong'aa kana kwamba limepakwa mafuta. Wataalamu huliita Ranunculus multifidus. Lile la bustanini, tunalolizungumzia hapa, ni Ranunculus asiaticus.

Pakiti haijui Machakos

Haya ndiyo mambo ninayotaka uyashike kabla ya mengine yote, kwa sababu ukiyakosea hakuna mbolea wala dawa itakayokuokoa.

Maelezo ya pakiti huandikwa Ulaya au Marekani. Yanakuambia upande Oktoba au Novemba, ili maua yatoke baridi ya huko inapoisha. Mwaka wangu wa kwanza niliitii pakiti neno kwa neno. Nilipanda Oktoba, vuli ikanyesha vizuri, majani yakachipuka ya kijani kibichi, nikawaita majirani waje waone. Januari jua likapiga. Majani yakageuka manjano kuanzia chini, na katika wiki tatu tuta lote lilikuwa limelala. Nilipata maua manne, mafupi kama kidole. Nilikuwa nimesoma jina la mwezi badala ya kusoma joto.

Kwao ranunkulasi ni nchi za mashariki ya Bahari ya Mediterania: Uturuki, Syria, Palestina, Kupro, Krete. Huko mvua hunyesha wakati wa baridi, na kiangazi ni kikavu na kikali. Mmea huamka udongo unapoloa, hukua polepole katika ubaridi, huchanua hali ya hewa ikianza kuwa tamu, kisha joto likizidi huacha kila kitu, ukajirudisha ndani ya tunguu na kulala. Watu wa Ukambani wanaijua tabia hii. Lile ua jekundu la mviringo linalochomoza vichakani vuli inapoanza nalo hulala ardhini kiangazi chote likingoja. Tofauti ni kwamba la kwetu huamshwa na mvua na halijali joto, lakini hili la ugenini linataka maji na ubaridi kwa pamoja.

Sisi hatuna majira ya kuchipua yanayosemwa kwenye pakiti. Tuna kipupwe, Juni hadi Agosti. Katika vilima vya Machakos mchana wa Julai huwa karibu nyuzi 20 hadi 22 za selsiasi, na usiku hushuka hadi 10 au 12. Ranunkulasi ingependa hata baridi zaidi ya hapo, kwa hiyo usidhani tuna ubaridi wa kuchezea. Joto likivuka nyuzi 25 siku baada ya siku, mmea hujiandaa kulala, uwe umechanua au haujachanua.

Basi hesabu kwa kurudi nyuma. Tangu kupandwa hadi ua la kwanza ni siku 90 hivi. Maua tunayataka Agosti na mwanzo wa Septemba, kabla joto la Oktoba halijafika. Kwa hiyo matunguu yaingie ardhini wiki ya kwanza ya Mei, na yaamshwe katikati ya Aprili. Najua hili linapingana na mazoea yetu. Mkulima wa Ukambani anaiamini vuli kuliko masika, maana ndiyo mvua isiyomtupa sana, na mkono wake umezoea kushika jembe Oktoba. Kwa mahindi na kunde mkono huo uko sahihi. Kwa ua hili uzuie.

Mahali nako kuna uzito wake. Kila ukipanda mita 1,000 juu, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Vilele vya Mua na Iveti viko karibu mita 2,000, mji wa Machakos uko kama mita 1,600, na nyanda za Yatta na Masinga ziko chini zaidi, huko ambako hata kivuli kina joto. Ukiwa Mua, Iveti, au sehemu za juu za Kathiani na Kangundo, endelea kusoma kwa moyo mkunjufu. Ukiwa mjini, unaweza kujaribu tuta dogo upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi pekee. Ukiwa Masinga, nakuomba pesa zako uziweke kwenye zinia au alizeti za kukata. Hayo ni maua mazuri, yanapenda jua lako, na hayatakuvunja moyo.

Kununua matunguu

Ranunkulasi hutoka katika tunguu kavu, dogo, lenye vidole vinavyoelekea chini. Jirani yangu, mama aliyelima Mua tangu ujana wake, aliyaona mezani akaniuliza, "Mwanangu, na hii miguu ya kuku unaikausha ya nini?" Sijapata maelezo bora kuliko hayo. Ni mguu wa kuku uliokauka, na pale vidole vinapokutana juu pana manyoya kidogo. Manyoya hayo ndiyo kichwa chake, ndipo majani yanapotokea.

Mengi huagizwa kutoka nchi kama Uholanzi na Italia. Hapa sheria iko wazi: mmea au tunguu haliingii Kenya bila kibali cha KEPHIS, kinachotolewa kabla ya mzigo kusafirishwa, na mzigo wenyewe uje na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi ulikotoka. Usimwambie dada yako aliye ng'ambo akuletee machache ndani ya sanduku la nguo. Ugonjwa mmoja wa mizizi ukiingia kwenye udongo wa Mua hautatoka tena, na watakaolipa ni majirani wanaolima viazi na matunda. Ukinunua kwa mfanyabiashara wa hapa nchini, muulize kama mzigo wake una karatasi hizo. Asiye na wasiwasi atakuonyesha.

Tunguu zuri ni gumu, kavu, jepesi, halina ukungu na halinuki. Makubwa hutoa mashina mengi kuliko madogo, na bei hufuata ukubwa. Ukilibonyeza likawa laini, liache. Niliwahi kuuziwa mfuko wa matunguu yaliyozeeka, na zaidi ya nusu yalioza kabla hayajatoa mzizi hata mmoja. Tangu hapo hununua kwanza kumi, nikayaloweka mbele ya macho yangu, ndipo nikaagiza mengine. Huko Ulaya huchimbuliwa wakati wa kiangazi chao na kuuzwa kuanzia Septemba. Ukiyapata mapema usihofu, yakiwa makavu yatakungojea hadi Aprili.

Udongo, na faida ya fanya juu

Machakos inajulikana mbali kwa makinga maji yake. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kizima kuhusu jinsi watu wa hapa walivyoiponya ardhi iliyokuwa imemomonyoka, na fanya juu ilikuwa sehemu kubwa ya kazi hiyo: unachimba mtaro kufuata kontua, unautupa udongo upande wa juu, na baada ya miaka kadhaa mteremko unageuka ngazi. Kama shamba lako lina ngazi hizo, kazi yako imeshafanywa nusu na wazee wako.

Ila chagua vizuri mahali pa kupanda kwenye ngazi hiyo. Mtaroni hapafai, wala ukanda wa chini ulio karibu na ukingo hapafai, kwa sababu hapo maji hutuama, na maji yaliyotuama huozesha tunguu la ranunkulasi kwa siku chache. Panda katikati au sehemu ya juu ya ngazi. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chukua mteremko unaotazama mashariki, upate jua la asubuhi na kivuli cha alasiri.

Udongo mwekundu wa vilimani ni mzuri ukilegezwa. Chimba hadi sentimita 30, changanya mboji au samadi iliyoiva kabisa, ile isiyo na joto wala harufu, ndoo mbili kwa kila mita ya mraba. Kisha inua tuta la upana wa mita moja na kimo cha sentimita 20. Udongo mweusi wa pamba, ule wa nyanda za kuelekea Athi River unaopasuka jua likiwaka na kushika miguu mvua ikinyesha, usijaribu kuurekebisha. Jenga juu yake boksi la mbao au mawe, ulijaze udongo mwingine.

Samadi mbichi ni adui wa namna mbili, huunguza mizizi na hubeba kuvu. Nayo ikizidi, hata iliyoiva, utapata majani mapana ya kupendeza na mashina laini yanayoanguka.

Kuamsha

Kati ya tarehe 10 na 20 Aprili, jaza ndoo safi maji baridi, tumbukiza matunguu, uyaache kwa muda wa saa tatu hadi nne, si zaidi. Ukiyatia saa mbili asubuhi, yatoe kabla ya adhuhuri. Badilisha maji mara moja au mbili katikati, maana tunguu linaloamka linahitaji hewa. Yatavimba mbele yako kama ndengu zilizolowekwa, hadi yakaribie ukubwa maradufu. Wengi huyaacha usiku kucha wakidhani wanayafanyia hisani. Asubuhi huyakuta yamekufa maji.

Sasa yapange ndani ya trei yenye kokopiti, yaani makumbi ya nazi yaliyosagwa, iliyoloweshwa kiasi kwamba ukiikamua kiganjani hutoa tone moja au mawili. Vidole chini, manyoya juu. Yafunike kwa kokopiti nyingine kidogo, weka mahali penye giza na ubaridi. Na hapa ndipo penye mtihani, kwa sababu Aprili ya Machakos si baridi. Tunguu linachipuka vizuri penye nyuzi 10 hadi 13. Mwenye jokofu aweke trei kwenye sehemu ya chini, ile ya mboga, kwa wiki mbili hadi tatu. Ubaridi huo pia huyafanya yawahi kuchanua. Yasigande tu.

Asiye na jokofu ajenge kabati la mkaa. Wakulima wengi wa Kenya wanalijua kwa kuhifadhi mboga: fremu ya mbao, kuta mbili za waya wa kuku zenye nafasi ya sentimita 10 katikati, nafasi hiyo imejazwa mkaa, na mkaa unaloweshwa maji asubuhi na jioni. Upepo ukipita kwenye mkaa ulioloa, maji huvukizwa na kuchukua joto. Hewa ikiwa kavu, kabati hufanya kazi vizuri zaidi, kwa hiyo lijenge penye upepo, chini ya mti. Halitafika baridi ya jokofu, lakini linatosha kuepusha kuoza, na Agosti litakuwa ghala lako la maua. Funika trei kwa waya mwembamba. Panya wa shambani anapenda matunguu yaliyolowa kama anavyopenda njugu.

Kagua kila siku tatu. Lenye ukungu liondoe pamoja na kokopiti inayolizunguka. Ukiona nyuzi nyeupe za mizizi, na kitu kama ncha ya msumari wa kijani juu, wakati umefika.

Kupanda na kunywesha

Chimba vishimo vya sentimita 5, weka tunguu vidole vikitazama chini, funika. Acha sentimita 20 kati ya mmea na mmea, na sentimita 20 kati ya mstari na mstari. Kwenye tuta la upana wa mita moja utapata mistari minne na kando kidogo ya kupumulia. Tuta la urefu wa mita tano hivyo litabeba mimea 100, nami nakushauri uanze na hiyo 100 na si zaidi.

Mwanzo wa Mei mvua ya masika inaweza kuwa bado ipo. Simamisha vigingi, tandaza plastiki angavu juu kama paa, pande zote uache wazi. Kivungulio kilichofungwa usikitumie, kitakusanya joto ambalo umelikimbia miezi yote hii. Kuanzia mwisho wa Agosti badilisha plastiki hiyo kwa neti ya kivuli, ile inayozuia kama asilimia 30 ya jua, na utajipatia wiki mbili za maua ambazo jirani asiye na neti hatazipata.

Kuhusu maji fanya hesabu mapema. Kipupwe cha Machakos kina ukungu na manyunyu, lakini mvua hakina. Tuta la mita 5 za mraba katika baridi hiyo linahitaji kama lita 20 kwa siku, mtungi mmoja. Kuanzia Juni hadi katikati ya Septemba ni siku 105 hivi, yaani lita 2,100. Tangi la lita 2,500 likijaa mwisho wa Mei linakutosha. Na kulijaza si kazi ngumu: kila milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 50 za mraba likipata mvua ya milimita 50, zilizogawanyika katika siku chache za Aprili, ndizo lita 2,500, ukiondoa kidogo kinachopotea njiani. Maji ya mvua ni bora pia kwa sababu visima virefu vingi vya upande wetu vina chumvi, na ranunkulasi huionyesha chumvi upesi: kingo za majani huungua na kuwa kahawia.

Nywesha asubuhi, ardhini, usimwagie majani. Mpira wa matone ni mzuri sana. Kopo lililotobolewa pia linafaa kama mkono wako una subira. Mimea ikifika kimo cha kiganja, mwagia mara moja kila wiki mbili maji ya samadi yaliyochujwa na kuzimuliwa hadi yafanane na chai ya rangi isiyokolea.

Ukungu wa angani na ukungu wa majani

Kiswahili kiliona mbali kuyapa mambo haya mawili jina moja. Ule ukungu mzuri wa Julai ukilala juu ya majani hadi saa tano, huleta ukungu wa pili: unga mweupe juu ya jani, au manyoya ya kijivu kwenye ua na shina. Wa kijivu ndio mbaya zaidi. Dawa ya kwanza ni hewa. Usisonganishe mimea kuliko nilivyosema, palilia, ondoa kila jani lililolala chini, na ua lililokwisha usiliache kwenye mmea hata siku moja. Ukilazimika kununua dawa ya kuvu, hakikisha imesajiliwa na bodi ya serikali inayodhibiti viuatilifu, PCPB, na ufuate kipimo cha lebo.

Mmea unaonyauka ghafla huku udongo ukiwa na unyevu umeoza mizizi. Ung'oe na udongo wake, utupe mbali, shimo lile usilipande tena ranunkulasi kwa miaka mitatu au minne. Hakuna tiba, na kuungoja ni kuwaambukiza wengine. Vidukari na thripsi watakuja pia, hasa hewa ikianza kukauka Agosti. Vidukari huondoka kwa maji yenye sabuni kidogo yakipuliziwa chini ya majani jioni. Thripsi ni wabishi, hujificha ndani ya petali na kuzitia michirizi. Mitego ya kadi za manjano au buluu yenye gundi itakuonyesha wamefika kabla hawajawa wengi.

Mwisho wa mambo ya hatari ni mbuzi. Utomvu wa ranunkulasi mbichi huwasha ngozi na kuchoma mdomo na tumbo la mnyama. Ukatapo vaa glavu kama ngozi yako ni nyepesi, zuia watoto wadogo wasitafune majani, na magugu yaliyochanganyika na majani yake usiyapeleke zizini.

Kukata

Yote yaliyotangulia yanaweza kuharibiwa na mkasi wa siku moja mapema. Tumba linapotokea huwa gumu kama gololi. Ukilikata hapo halitafunguka. Kila asubuhi pita ukiyabonyeza taratibu kwa vidole viwili. Siku ambayo tumba limeshapata rangi yake yote na linabonyea kama ndewe ya sikio lako, siku hiyo ndiyo ya kukata. Ukilisubiri lifunguke kabisa shambani utafurahi wewe, lakini mnunuzi atabaki na siku tatu tu. Kwa meza ya nyumbani kwako subiri. Kwa biashara usisubiri.

Kata kabla ya jua kupanda, kisu kikali kilichosafishwa, chini kabisa ya shina pale linapoachana na mmea. Shina lina uwazi ndani na huvunjika kirahisi, kwa hiyo usiyabane mengi mkononi. Yaingie mara moja kwenye ndoo safi yenye maji ya kina cha vidole vinne, kisha ndani ya kabati la mkaa au mahali penye ubaridi kwa saa chache kabla ya safari. Majani yote yatakayozama majini yaondoe. Badilisha maji kila siku ya pili, na kila ukibadilisha punguza shina kidogo.

Mmea mmoja uliofurahi hutoa mashina saba hadi kumi katika msimu. Mwaka wa kwanza weka hesabu ya matano. Mimea 100 basi ni mashina 500, katika wiki tano au sita.

Kuyapeleka sokoni

Kilimo cha maua si kigeni Ukambani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Denmark, Dansk Chrysanthemum Kultur, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kulima maua ya kuuza nje kwa wingi nchini Kenya, na moja ya mashamba yake lilikuwa Masongaleni, upande wa Kibwezi, ambako wakati huo kulikuwa ndani ya wilaya ya Machakos. Baadaye mitaji ilihamia Naivasha. Lakini tuta lako la mita tano halishindani na Naivasha, wala lisijaribu. Linauza kitu ambacho hakisafiri vizuri kwa mbali na ambacho mwenye harusi anakitaka kikiwa kimekatwa jana.

Na kalenda yetu imetutendea wema. Agosti ni mwezi wa harusi, shule zimefungwa, ndugu wamerudi nyumbani, kila Jumamosi kuna msafara wa magari yenye riboni. Ranunkulasi ya Machakos huchanua mwezi huohuo. Nenda mwezi wa Juni kwa wapambaji wa kumbi na makanisa ya mjini Machakos, uwaonyeshe picha, uwaambie rangi ulizopanda. Bibi harusi huchagua rangi mapema, kwa hiyo panda nyeupe, krimu na pichi kuliko nyingine. Nyekundu ni nzuri, lakini hushindana na waridi, na waridi litashinda kwa bei.

Nairobi ni kilomita 60 na kidogo. Wauza maua wa City Market wako kwenye barabara ya Muindi Mbingu, yule kiongozi wa Wakamba aliyeongoza watu kutoka Machakos hadi Nairobi mwaka 1938 kupinga ng'ombe wao kuchukuliwa. Kila ninaposhusha ndoo zangu pale huliangalia jina lile ukutani, na mgongo hunyooka. Ondoka nyumbani alfajiri, kabla magari hayajasongamana barabarani pale Mlolongo na kabla joto halijaingia kwenye gari. Maua yasimame ndani ya ndoo, yasilazwe. Fungasha kumi kumi, rangi moja kwa fungu, karatasi ikizunguka vichwa bila kuvibana.

Kuhusu bei, usiulize wengine wanauzaje kabla hujajua lako limekugharimu nini. Jumlisha matunguu, kokopiti, plastiki ukiigawa kwa miaka itakayodumu, nauli, na siku zako za kazi kwa ujira ambao ungemlipa kibarua. Gawanya kwa mashina 400, si 500, maana mengine yatavunjika. Hiyo ndiyo sakafu yako. Chini ya hapo usishuke hata mnunuzi akikuita mwanangu.

Kuyalaza tena

Katikati ya Septemba mashina yatakuwa mafupi na majani ya chini yatageuka manjano. Acha kumwagilia. Usikate majani yangali ya kijani, kwa kuwa ndiyo yanayolisha tunguu la mwakani. Yakikauka yote, kwa kawaida mwanzoni mwa Oktoba, chimbua kwa uma kabla vuli haijalowesha udongo, maana tunguu lililolala likinyeshewa kwenye joto huoza. Utakuta kila tunguu limezaa wenzake, wameshikana. Suuza udongo, yatandaze kivulini penye upepo wiki mbili, kisha yatenganishe kwa mkono. Kila kipande kiwe na manyoya yake ya juu, la sivyo hakitachipuka. Yaliyotoka kwenye mmea wenye majani yenye madoadoa au yaliyokunjamana yatupe, huenda yana virusi.

Kwa kuhifadhi sijaona chombo kinachoshinda kiondo cha mkonge, kwa sababu kinapumua. Tia matunguu pamoja na vumbi kavu la mbao, andika rangi na mwaka kwenye karatasi uitie ndani, ukitundike kwenye paa la ghala, mbali na panya na mbali na jiko. Januari kishushe uyapitishe mkononi moja moja, uondoe lililolainika. Yaliyobaki yahesabu, ujue ni mangapi ya kununua kabla ya Aprili.